Haja Kubwa ya Mume Wangu

Kwa Daktari Mkuu wa Hospitali,
Kupitia kwa Sista wa chumba cha wagonjwa mahututi, aliyeniahidi kuifikisha bila kuifungua.

Yahusu: Kunyimwa nafasi ya kumchangia choo mume wangu wa halali, kitanda namba nne

Mheshimiwa Daktari Mkuu,

Natumaini barua hii inakukuta umeamka salama na tumbo lako limetulia. Zamani nisingethubutu kumtakia mtu utulivu wa tumbo katika barua rasmi, lakini siku thelathini na moja kwenye benchi la hospitali yako zimenifunza kwamba hakuna dua kubwa kuliko hiyo.

Mimi ni mke wa mgonjwa wa kitanda namba nne, yule fundi wa friji ambaye mtaani wanamwita Baridi. Naomba nianze kwa kusema kwamba jina hilo halimfai hata kidogo. Daktari, mume wangu ana mikono yenye joto kama mkate uliotoka kwenye oveni sasa hivi. Tumeoana siku hamsini na nne zilizopita. Bado mtu akiniita "mke wa Baridi" nageuka nyuma kumtafuta huyo mwanamke mwenye bahati, halafu nakumbuka kuwa ni mimi, na mwili wote unanisisimka.

Kabla ya malalamiko, shukrani. Wiki chache kabla ya harusi yetu friji lilimwangukia mguuni, kidonda kikaoza, akapewa dawa kali za kuua vijidudu. Zikaua. Zikaua vibaya vya mguuni, zikaua na vyema vya tumboni, bila kuuliza nani ni nani. Siku ya nane ya ndoa akaanza kuhara. Ninyi ndio mliogundua kuwa tumboni mwake kimebaki kijidudu kimoja sugu, kimejitandaza kama mpangaji aliyeachiwa nyumba nzima. Mkikipiga dawa, kinajificha. Dawa ikiisha, kinarudi na ndugu zake. Mara ya tatu hakuweza kuinua hata kichwa, figo zikaanza kulegea, mkamwingiza chumba cha mahututi. Hapo ndipo mliponiambia kuwa dawa iliyobaki ni kumpandikizia choo cha mtu mwenye afya, ili vijidudu vyema vya mtu huyo vihamie kwake na kumtoa yule mpangaji sugu kwa nguvu ya wengi.

Nilikubali. Awamu ya kwanza mliifanya wiki iliyopita, homa ikashuka, akafumbua macho. Mungu awabariki. Awamu ya pili mmeipanga Alhamisi saa tisa alasiri, na mmenieleza waziwazi kuwa bila hiyo ya pili, ya kwanza inaweza kuwa kazi bure. Fomu ya ridhaa ninayo hapa mapajani. Bado sijaitia sahihi, na sababu zangu ni hizi zifuatazo.

1. Lugha ya daktari wako wa zamu, yule mwenye miwani. Siku aliponiita koridoni alisema kwa sauti ya upole, "Mama, kwa hali ilipofika, mgonjwa sasa anahitaji haja kubwa ya mtu mwenye afya." Daktari Mkuu, mume wangu aliponitongoza, akiwa amepiga magoti nyuma ya friji letu bovu, bisibisi mkononi, aliniambia, "Nina haja nawe, na haja yangu ni kubwa." Sasa mimi ningeelewa nini? Nilishika kifua nikasema mbele ya watu wote, "Daktari, mtu mwenye afya ni mimi hapa, na haja yangu kwake ni kubwa kuliko ya mtu yeyote aliye hai. Nipelekeni kwake sasa hivi!" Daktari alitazama viatu vyake. Sista alinivuta pembeni, akaninong'oneza ni haja ipi inayozungumzwa. Nilicheka, nikalia, halafu nikasema jibu langu halijabadilika, ni lilelile. Kwa hiyo iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba mimi ndiye niliyejitolea wa kwanza, hata kabla ya kujua najitolea nini. Kama hayo si mapenzi, niambieni mapenzi yanauzwa duka gani.

2. Fomu yenu ya maswali kwa wachangiaji. Mimi nafanya kazi kwenye duka la kuchapa na kudurufu, fomu nimezijaza na kuwajazia watu tangu nimalize kidato cha nne, kwa hiyo sikuogopa. Nilijibu yote kwa herufi kubwa. Sivuti sigara. Sinywi. Sijawahi kuongezwa damu. Biolojia nilipata C, lakini C ya juu, ilikosa alama mbili tu kuwa B, ingawa hilo hamkuliuliza. Nikafika swali la kumi na saba: "Je, katika miezi mitatu iliyopita umepata mwenzi mpya wa kimapenzi?"

Daktari, nani asingejibu swali hilo kwa furaha? Tangu niolewe nilikuwa nasubiri mtu aniulize! Niliandika NDIYO, nikaweka alama tatu za mshangao, nikaongeza pembeni: "Naye ni mgonjwa wenu wa kitanda namba nne, na tunapendana mno." Kesho yake nikaambiwa nimeanguka. Nimeanguka kwa swali la kumi na saba! Sista alinifafanulia kuwa mtu mwenye mwenzi mpya anaweza kuwa amepata ugonjwa kwa huyo mwenzi ambao haujaonekana kwenye vipimo. Nikamuuliza, "Ugonjwa huo nitakuwa nimeupata kwa nani?" Akasema, "Kwa mwenzi wako." Nikamuuliza, "Mwenzi wangu si ndiye huyo mnayemtibu? Mnaogopa nimrudishie vya kwake?" Sista alisema utaratibu ni utaratibu. Yaani kosa langu ni kuolewa. Ningekuwa nimemchoka mume wangu kwa miaka kumi, tunalala tumegeuziana migongo, mngenipokea kwa mikono miwili.

3. Sikio langu. Mlipokuwa mnatafuta sababu nyingine ya kunikatalia, mkaona nina tundu jipya kwenye sikio la kushoto, mkasema aliyetobolewa ndani ya miezi sita haruhusiwi. Tundu hilo nilitoboa wiki ya harusi, kwa sababu mume wangu, kwa furaha ya bwana harusi asiye na mazoea, alininunulia hereni tatu badala ya mbili. Ningemwambia nini? Nimrudishe dukani? Nikatoboa. Mapenzi yamenitoboa sikio, mapenzi yameniangusha mtihani.

4. Mlinzi wenu wa getini. Baada ya kukataliwa sikukata tamaa, kwani mvumilivu hula mbivu. Niliona kuwa mkikiona chenyewe mtabadili mawazo. Kwa wiki nzima nilikula vizuri, mboga, matunda, maji mengi, nikalala mapema. Siku ya saba nikakiweka kwenye chombo kipya cha plastiki chenye mfuniko wa rangi ya waridi, zawadi ya harusi, nikakifunga utepe. Mkononi nikabeba na blenda yetu, nayo ya harusi, haijatolewa hata kwenye boksi, maana nilisikia kuwa huwa mnasaga na kuchuja.

Getini mlinzi akanizuia. "Dada, chakula cha mgonjwa lazima nikione."

"Kaka, hiki si chakula."

"Wote husema hivyo. Jana mmoja alipitisha maharage hapahapa. Fungua."

"Nakuomba usifungue. Ni kitu cha mapenzi kati yangu na mume wangu."

"Ndiyo maana nataka kukiona," akasema, akacheka, akafungua.

Daktari Mkuu, sitaki kumsema vibaya mtu aliye kazini. Ila aliangusha mfuniko, na mfuniko ulipasuka. Tangu siku hiyo nikikaribia geti ananifungulia lote, hata lile la magari, huku anatazama upande mwingine. Maabara nako walinipokea kwa glavu mbili mbili, wakaniandikia kwenye kikaratasi: "Imekataliwa. Haikuombwa." Haikuombwa! Tangu lini zawadi ikaombwa? Blenda walinirudishia. Waliniambia wana ya kwao.

5. Wifi yangu mkubwa. Hapa ndipo kwenye kiini cha barua hii, naomba uvae miwani kama unayo.

Wifi ni dada wa mume wangu, fundi cherehani, na ndiye aliyenishonea gauni la harusi. Alilibana kiunoni hata karamu yangu mwenyewe nikaila kwa macho. Namheshimu. Ninyi mlisema jina la mchangiaji wa awamu ya kwanza ni siri, na kwamba ndugu kadhaa walipimwa. Vizuri. Lakini kesho yake, homa ilipokuwa imeshuka, wifi alisimama katikati ya korido, mbele ya mama mkwe, shangazi, mama mdogo na mtu aliyekuja kumwona mgonjwa mwingine, akatangaza: "Wamesema damu nzito kuliko maji. Sasa mimi nawaambia kuna kitu kizito kuliko damu, na nimekitoa mimi!"

Mama mkwe alicheka hadi akashika ukuta. Shangazi alipiga kigelegele, ndani ya hospitali, Sista akatoka kuuliza kuna nini. Halafu wifi akanigeukia, akanitazama toka utosini hadi kisiginoni, akasema, "Bi harusi, wewe endelea kumletea maua. Kila mtu ampe alichonacho."

Mume ni wangu, kitanda nimetandika mimi, miguu namkanda mimi, halafu tumboni mwake amekaa wifi!

6. Dirisha. Mtasema huo ni wivu tu. Sasa soma ushahidi. Mume wangu hakuongea kwa siku sita. Alipofumbua macho baada ya awamu ya kwanza nilikuwa nimeinama juu yake, nywele nimesuka, manukato kidogo, nimejiandaa kulipokea neno la kwanza. Nilidhani atasema "mpenzi", au "ua langu", au hata jina langu tu. Akanitazama. Akageuza macho. Akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Nani kaacha hilo dirisha wazi?"

Daktari Mkuu! Hayo ni maneno ya wifi! Yeyote aliyewahi kuingia nyumbani kwa wifi anayajua. Hata kasuku wa jirani yake anayajua. Jioni yake akauliza kama nguo zimeanuliwa. Kesho yake akashika mkono wangu, moyo ukaanza kudunda, akautazama kwa makini, akasema kucha zangu ni ndefu. Yule aliyekuwa akizibusu moja moja!

Nilikumbuka Biolojia. Vijidudu huzaliana, kimoja kinakuwa viwili, viwili vinakuwa vinne. Nimepiga hesabu. Kwa mwendo huu, na mkiongeza awamu ya pili, mwisho wa mwaka mume wangu atakuwa theluthi mbili wifi. Nitamwekea chakula, wifi ataonja chumvi. Nitavaa nguo mpya, wifi atauliza kitambaa ni cha mita ngapi. Nitazima taa nimsogelee mume wangu, nitakuwa nimemsogelea nani? Hakuna mila, dini wala serikali ninayoijua inayoruhusu mtu kulala kitanda kimoja na wifi yake kwa namna hiyo. Mgeni wa kawaida siku ya tatu anapewa jembe. Huyu hana siku ya kuaga wala mlango wa kuonyeshwa.

7. Mrija. Hili ni dogo, lakini naliandika. Sikuambiwa mapema kwamba mrija ungepitia puani. Hiyo ndiyo pua aliyoitumia kuninusa shingoni siku ya harusi, akasema nanukia asubuhi. Basi angalau kinachopita humo kingekuwa cha mtu anayemjua kwa harufu.

Kwa sababu hizo zote naomba yafuatayo. Kwanza, swali la kumi na saba lifutwe, au liongezwe maneno "isipokuwa mwenzi huyo ndiye mgonjwa". Pili, awamu ya Alhamisi itoke kwangu. Nipo tayari, natunza ratiba, nimejizuia hata pilipili. Ikiwa lazima wifi awepo, nakubali nusu kwa nusu, ila changu kitangulie kuingia ili kikae nafasi nzuri. Naomba pia wifi aandikiwe barua yenye mhuri, ikimjulisha kuwa alichotoa kilikuwa mchango na si hisa, na kwamba hakimpi mamlaka jikoni kwangu.

Tena nikitafakari zaidi naona hospitali yako ingefungua dirisha la wachumba pale maabara. Kabla ya kuvalishana pete, watu wapimwe, wabadilishane kidogo, wapewe cheti. Pete huvuliwa wakati wa kufua, Daktari. Hii haivuliki. Vijana wangejua mapema wanaingia kwenye nini, na mawifi wote duniani wangekosa pa kuanzia.

Hadi nipate jibu la maandishi, kalamu yangu itabaki na kifuniko chake. Najua mgonjwa ni mahututi. Najua Alhamisi ni keshokutwa. Sista ameniomba mara tatu, mara ya tatu alinishika bega. Lakini mimi ni mke, na kama sahihi ya mke ina nguvu ya kuruhusu, basi iwe na nguvu ya kuchagua.

Nisalimie daktari wa miwani, mwambie simchukii. Salamu kwa Sista, kwa dada wa maabara wa glavu mbili, kwa mlinzi wa getini, na kwa babu wa kitanda namba mbili ambaye amelala tangu nije lakini nina hakika ananisikia. Wasalimie na nyumbani kwako, na kama una mwenzi, leo ukirudi mshike mkono bila sababu.

Wako mwenye imani na hospitali lakini si na fomu zake,

Mke wa kitanda namba nne
(ndoa ya siku hamsini na nne)

Nyongeza: Sasa ni saa tano asubuhi. Nilikuwa nalamba bahasha hapa kwenye benchi nilipomwona wifi anakuja mbio, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Homa imepanda tena tangu alfajiri. Sista ametoka kusema Alhamisi ni mbali, awamu ya pili ni leo, ni sasa, kilichobaki ni sahihi yangu. Nikamwambia wifi, "Basi ingia ukatoe, unangoja nini?" Hakuingia. Aliketi sakafuni, kwenye vigae, na gauni lake zuri, akalia kwa sauti ya mtoto. Akasema, "Wifi yangu, aliyetoa si mimi. Walinipima wakanikuta na amiba na minyoo ya aina mbili, wakanirudisha nyumbani na vidonge. Nilimbeba yule mgongoni hadi alipoanza shule. Ningewaambiaje watu kwamba safari hii sina cha kumpa?"

Kumbe mchangiaji ni mtu tusiyemjua. Yupo mahali fulani mjini, anaendelea na shughuli zake, hajui kama kuna mwanamke amemwandikia kurasa nne za matusi ya adabu. Nimeketi sakafuni na wifi. Amenishika, nimemshika, hakuna aliyetazama kucha za mwenzake.

Daktari Mkuu, barua hii usiijibu. Chukueni cha huyo mtu. Kikipungua, chukueni cha mlinzi, chukueni cha yeyote mtakayemkuta barabarani ana afya, nitampikia mwenyewe. Akiamka akauliza dirisha, mwambieni mkewe anakuja kulifunga. Fomu nimeambatanisha. Nilikuwa na haraka, kwa hiyo nimetia sahihi kila mahali nilipoona mstari, hata pale palipoandikwa "kwa matumizi ya ofisi pekee". Tafadhali msinirudishie kwa ajili ya hilo.